Mita 2 zinapimwa wapi? Jibu kwa nahodha wa Msanga Mkuu

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Msanga Mkuu, Mtwara. Kwenye kundi letu la WhatsApp unaletwa utabiri wa TMA: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Miaka yote niliyokaa baharini sijaona chombo cha hali ya hewa kikipima mawimbi huku kwetu. Hizo mita 2 wanazipima wapi? Wapo wanaosema zinatoka kwa Wazungu. Kama ni kweli, wao wanapata nini hata watupe bure? Halafu vijana wangu wameokota boya lenye sola nje ya mwamba. Mmoja anasema ni la kutafutia gesi, mwingine anaitaka betri. Tulifanyeje?"

Nzuri, Nahodha, na poleni na kazi.

Jibu fupi ni kwamba hazipimwi Msanga Mkuu. Mita 2 ni hesabu. Imepigwa na kompyuta kubwa, kisha mtabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (ndiyo TMA) akaiangalia, akailinganisha na hesabu nyingine na picha za setilaiti, ndipo akaandika tangazo. Vipimo vilivyoingia kwenye hesabu hiyo vimetoka kwenye setilaiti za Ulaya, India, China na Marekani, maboya yanayoelea yenyewe, meli za biashara, na vituo vya pwani na visiwani: Mauritius, Madagaska, Afrika Kusini, na hivi vya kwetu. Kwa hiyo Wazungu wamo, lakini hawako peke yao. Wahindi, Wajapani na Wachina wamefanya kazi kubwa sana katika bahari hii.

Sababu ya kwenda kupima mbali hivyo unaijua kuliko unavyodhani. Kusi inayowafungia vyombo mwezi wa saba haizaliwi Mtwara. Inatoka kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini, kwenye bahari ya upande wa Mauritius na Réunion. Mgandamizo ule ukiimarika, au hewa baridi ikipita Afrika Kusini na mgandamizo ukajisogeza nyuma yake kufuata pwani ya Afrika, kusi inapanda hadi kwenu baada ya siku moja, mbili au tatu. Anayesoma kipima hewa leo Durban au Port Louis anasoma upepo wenu wa keshokutwa. Ni kama jirani wa mtaa wa juu anayepiga simu kuwa mvua imeshafika kwake, anueni nguo.

Na maji yenyewe yanatoka mbali vilevile. Kuna mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi. Unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska na kuigonga Afrika karibu na Rasi ya Delgado, ng'ambo kidogo tu ya mdomo wa Ruvuma. Hapo unagawanyika. Sehemu moja inashuka kuingia Mlango wa Msumbiji, nyingine inapanda kaskazini na kupita mbele yenu, Lindi, Kilwa, Mafia, hadi Kenya. Wakati wa kusi upepo unausukuma mgongoni na mbio zake zinaongezeka. Wakati wa kaskazi unapungua. Mtwara, kwa maneno mengine, iko mlangoni hasa, pale maji ya bahari nzima yanapochagua njia. Ukitaka kujua maji ya mwezi ujao yatakuwa ya moto au ya baridi, kukaa Shangani, hapo Mtwara, na kipimajoto mkononi hakutakusaidia sana.

Sasa, hivyo vipimo vinapatikanaje?

Upepo juu ya bahari tunaupata zaidi kwa setilaiti. Setilaiti inatuma mawimbi ya redio kwenye maji na kusikiliza yanavyorudi. Maji yaliyotulia yanarudisha namna moja, maji yaliyokunjwa na upepo yanarudisha namna nyingine, na kutokana na tofauti hiyo tunakadiria nguvu ya upepo na unakoelekea. Ulaya wanazo, India wanazo, China wanazo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye setilaiti zake zinapita kila mahali kila saa, ndiyo maana wanabadilishana. Aina nyingine ya setilaiti inapima kimo cha uso wa bahari na urefu wa mawimbi moja kwa moja. Kazi hiyo ilianza kwa uhakika mwaka 1992 na setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyotengenezwa na Marekani na Ufaransa kwa pamoja. Katika uzao wake, Sentinel-6 ya kwanza ilirushwa Novemba 2020. Iko zaidi ya kilomita 1,300 juu ya vichwa vyetu, na bado inatofautisha kimo cha bahari kwa sentimita chache. Mimi ninaifanya kazi hii na bado jambo hilo linanishangaza.

Lakini setilaiti haioni chini ya maji. Kwa huko kuna vifaa vinavyoitwa Argo, mitungi myembamba inayoachwa baharini bila nanga wala injini ya kusukuma. Mtungi unazama hadi mita 1,000, unakokotwa na mkondo kwa siku 10 hivi, unashuka mpaka mita 2,000, kisha unapanda taratibu ukipima joto na chumvi njia nzima. Ukifika juu unatuma habari kwa setilaiti na kuzama tena. Mpango ulianza mwaka 1999, na sasa kuna mitungi karibu 4,000 duniani kote, iliyowekwa na nchi takriban 30. Marekani peke yake inabeba takriban nusu. Data zake zinawekwa wazi ndani ya saa 24, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anazipata sawasawa na profesa wa Tokyo.

Kuna pia maboya madogo ya duara yanayoelea juu, yenye kitambaa kirefu chini ili yafuate mkondo na si upepo, zaidi ya 1,000 duniani. Halafu kuna maboya makubwa yaliyotiwa nanga katikati ya Bahari ya Hindi, mpango ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Marekani, India, Japani, Indonesia na wengine. Haya ndiyo yenye historia ya kusikitisha kwa upande wetu. Maboya ya magharibi ya bahari hii yalicheleweshwa na maharamia wa Somalia, maana hakuna kampuni ya bima iliyopenda kuona meli ya utafiti ikisimama huko siku nzima ikishughulikia nanga. Mengine yaliharibiwa na vyombo vya uvuvi vilivyojifunga humo, kwa sababu samaki wanapenda kukaa chini ya boya. Nadhani hilo la samaki sihitaji kukueleza.

Vipimo vyote vinaingia kwenye mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kugawiwa. Vituo vichache vyenye kompyuta kubwa, kama kile cha nchi za Ulaya chenye makao Reading, Uingereza, vinavitumia kupiga hesabu ya dunia nzima. TMA wanachukua hesabu hizo na wanaweza kuendesha hesabu ndogo zaidi ya eneo letu, na wanayo rada ya hali ya hewa hapo hapo Mtwara kuangalia mvua. Kisha ndipo inakuja ile rangi unayoiona kwenye tangazo: njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye hizo mita 2, maana nina wasiwasi manahodha wengi wanazielewa vibaya, na kosa si lao. Hiyo namba si wimbi kubwa kuliko yote. Wataalamu huchukua mawimbi yote, wakatenga theluthi moja iliyo kubwa zaidi, wakatafuta wastani wake. Huo wastani ndio unaotangazwa. Maana yake yapo mawimbi mengi madogo kuliko mita 2, na yapo machache makubwa zaidi. Hesabu inaonyesha kwamba katika mawimbi 1,000, moja litakaribia mara mbili ya namba hiyo. Wimbi likipita kila sekunde 7, mawimbi 1,000 yanapita kwa saa mbili hivi. Kwa hiyo ukisikia mita 2 na unapanga kukaa nje tangu alfajiri hadi mchana, jiandae kukutana na wimbi la karibu mita 4, pengine zaidi ya mara moja. Tangazo halikudanganya, lilisema wastani wa makubwa.

Jambo la pili: hesabu zile za dunia zinaigawa bahari katika miraba ya kilomita kadhaa, nyingine makumi. Msanga Mkuu, mwamba wake na mlango wa ghuba vinaweza kuangukia ndani ya mraba mmoja. Kompyuta haijui kwamba siku za bamvua maji yakikupwa yanatoka kwa kasi kwenye mlango, yakikutana na upepo mawimbi yanasimama wima na kuvunjika, wakati nje kidogo bahari inapitika. Haijui kwamba nyuma ya mwamba ni shwari. Hayo unayajua wewe. Utabiri unakuambia bahari ya nje itakuwaje. Tafsiri ya mlangoni ni ya nahodha. Na kwa maoni yangu hapa ndipo ushirikiano wote huu unapolegea: mabilioni yametumika kuijua bahari ya katikati, lakini kilomita 10 za kwanza kutoka pwani, ambako ngalawa na mashua nyingi za kwetu ndiko ziliko, ndiko kwenye vipimo haba kuliko kote. Kundi la BMU (kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) linaloandika kila siku upepo ulivyokuwa, ulitoka wapi, na mawimbi yalifika wapi kwenye ubavu wa chombo, kisha likapeleka maandishi hayo ofisi ya TMA, lingekuwa na thamani kubwa kuliko unavyofikiri. Mtabiri anahitaji mtu wa kumwambia kama jana alipatia.

Wao wanapata nini? Hili nimeulizwa mara nyingi, na kwa kawaida muulizaji anatazamia nitaje hila. Hila haihitajiki, faida yao iko wazi. Masika makubwa ya India yanategemea joto la bahari hii. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza jinsi maji ya upande wetu na yale ya upande wa Indonesia yanavyobadilishana joto, huku yakipanda, kule yakishuka. Mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Afrika Mashariki tukapata mvua za kupindukia na mafuriko, Australia wakapata ukame na moto wa misitu. Muaustralia hawezi kuijua hali yake bila kuyapima maji ya huku. Na Mjapani ambaye meli zake zinapita hapa anataka kujua dhoruba iko wapi. Bahari hii haina ukuta wa kumzuia mtu asinufaike na kipimo cha mwenzake, kwa hiyo nchi ziliona mapema kuwa ni nafuu kugawana. Tume ya bahari ya UNESCO iliundwa mwaka 1960, wakati ambapo Bahari ya Hindi ndiyo ilikuwa haijulikani kuliko nyingine kubwa, na msafara wa kwanza wa pamoja wa kuichunguza ulifanyika miaka hiyo hiyo.

Bure kabisa si bure, lakini. Asiye na kifaa hachagui kiwekwe wapi. Nchi chache zikipunguza bajeti, mashimo yanatokea kwenye bahari yetu na sisi hatuna la kusema. Tanzania inachangia vituo vyake, wataalamu wake na ruhusa ya kufanya kazi kwenye maji yake, ila ningependa kuona tunachangia zaidi.

Thamani ya mpango huu inaonekana zaidi siku za vimbunga. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960, kwa hiyo watu wa Lindi walikijua kilipofika. Linganisha na Hidaya, Mei 2024. Kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion, ambacho ndicho kimepewa dhamana ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kilikiona kikijikusanya mashariki yetu. TMA wakatoa taarifa siku kadhaa mfululizo kabla hakijaingia Mafia tarehe 4. Mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga na ninyi mkakatika kama mko kisiwani, hilo halikuzuilika. Lakini vyombo vingi vilikuwa vimeshafungwa. Kenneth, Aprili 2019, ilikuwa kinyume: Mtwara ilifunga shule na ofisi, watu wakaambiwa wahame mabondeni, kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Wapo waliosema wamedanganywa. Kilipita umbali wa kilomita 200 hivi kusini mwenu, na kwa kimbunga hiyo ni njia ya jirani.

Tsunami nitaipita kwa kifupi. Desemba 26, 2004 tetemeko lilitokea Sumatra asubuhi, maji yakafika pwani ya Afrika Mashariki saa kadhaa baadaye. Muda ulikuwepo, wa kumwambia mtu haukuwepo mfumo. Somalia walikufa watu karibu 300, na kwetu pia walikufa waliokuwa wakiogelea. Leo India, Australia na Indonesia zinatoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii, na hapa TMA ndio wanaozipokea, usiku na mchana.

Sasa boya. Kwanza mtulize huyo anayezungumzia gesi. Watu wa Mtwara mna kila sababu ya kuuliza habari za gesi, lakini kuitafuta baharini kunahitaji meli kubwa inayokokota nyaya ndefu na kupiga sauti nzito chini, na hati za serikali juu yake. Boya la kilo kumi na kitu haliwezi. Mitungi mingi ya Argo inapima joto, chumvi na kina, basi. Na kisheria haiingii kiholela: Tanzania iliridhia mkataba wa sheria ya bahari mwaka 1985, na tangu mwaka 1999 kuna azimio la tume ile ya UNESCO kwamba mtungi unaoweza kupeperukia kwenye maji ya nchi fulani, nchi hiyo ijulishwe kabla.

Tena ukinieleza lina sola, ninahisi sana kwamba si la hali ya hewa. Meli kubwa za jodari zinaachia baharini chelezo za kukusanyia samaki, na kila chelezo inafungwa boya la plastiki, bapa au duara, lenye sola juu, linalotuma mahali lilipo na hata kuonyesha kama kuna samaki chini. Mkondo niliokueleza unazileta huku kwa wingi. Hizo ni mali ya kampuni za uvuvi, na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi iliyoko Ushelisheli imeweka kikomo cha idadi ambayo meli moja inaweza kufuatilia, kwa sababu zinatapakaa kwenye miamba. Kwa kawaida zina herufi na namba zilizoandikwa kubwa, mara nyingine jina la meli kwa rangi. La utafiti huwa na maandishi yanayosema ni chombo cha sayansi na kisicho na hatari likiachwa, pamoja na namba yake. Mtungi wa Argo ni mrefu kama mtu mzima ukihesabu na antena.

Liwe lipi, fanyeni hivi. Lipigeni picha pande zote, hasa penye maandishi. Andikeni tarehe, saa na mahali lilipookotwa, kwa GPS kama mnayo, au kwa jina la mwamba kama hamna. Peleka habari kwa afisa uvuvi wa wilaya kupitia BMU. Likiwa la sayansi, ofisi ya TMA pale uwanja wa ndege wa Mtwara wanaweza kulifikisha kwa wenyewe, maana kuna ofisi Brest, Ufaransa, inayojua kila kifaa ni cha nani. Mkilikuta bado linaelea na halijakwama, liacheni liende na msifunge chombo humo.

Na huyo wa betri mwambie asilifungue. Baadhi ya betri hizo ni za lithiamu, zikiingiwa na maji ya chumvi au kutobolewa zinaweza kuwaka au kupasuka, na mtungi wa Argo ukiwa umevujiwa ndani unaweza kuwa na presha ya kurusha kifuniko usoni. Liwekeni kivulini, mbali na jiko na mbali na watoto, mpaka mwenye dhamana aje.